Chama Kimoja, Kambi Mbili: Itikadi na Madaraka katika KANU, 1960–1969

Utangulizi

Historia ya KANU katika miaka yake kumi ya kwanza imezoeleka kusimuliwa kwa njia tatu. Wako wanaoisimulia kama ugomvi wa watu: Jomo Kenyatta, Oginga Odinga na Tom Mboya, kila mmoja na tamaa yake. Wako wanaoiona kama tawi la vita baridi, ambamo Washington na London zilikuwa upande mmoja, Moscow na Peking upande wa pili, na wanasiasa wa Kenya wakawa watumishi wa mataifa hayo. Na wako wanaoshikilia kwamba yote yalikuwa ukabila uliovishwa nguo ya itikadi. Kila njia ina ukweli wake, lakini hakuna hata moja inayotosha. Ya kwanza haielezi kwa nini watu wasiopatana kwa lolote waliweza kukaa katika chama kimoja kwa miaka sita. Ya pili haielezi kwa nini wakulima wasiojua lolote juu ya Moscow walimsikiliza Bildad Kaggia. Na ya tatu inasahau kwamba wapinzani wakubwa kabisa katika mgogoro huo, Odinga na Mboya, walikuwa Waluo wote wawili. Na Kaggia na Kenyatta walikuwa Wakikuyu wote wawili.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba itikadi ilikuwako kweli ndani ya KANU, na kwamba kiini chake kilikuwa ardhi. Lakini kwamba chama chenyewe, kwa jinsi kilivyoundwa, hakikuwa na uwanja wa kuijadili. Kwa hiyo kila hoja ya itikadi iligeuka kuwa hoja ya cheo, na kila hoja ya cheo ikaishia kuamuliwa na dola, si na wanachama. Mwishoni patatazamwa pia suala ambalo wanahistoria wengi wamelipita bila kulisimamia, nalo ni la lugha ambayo mgogoro huo uliendeshwa kwayo.

Mizizi ya Chama

Ili kuielewa KANU, yafaa kuanza na sheria ya kikoloni. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mnamo Juni 1953, katika mwaka wa kwanza wa hali ya hatari. Serikali ya kikoloni iliporuhusu tena siasa za Waafrika, mwaka 1955, iliruhusu vyama vya wilaya tu. Na katika Mkoa wa Kati hata hivyo havikuruhusiwa. Kwa miaka mitano, basi, viongozi wa Kiafrika walijifunza siasa ndani ya mipaka ya wilaya. Kila mmoja alijijengea ngome yake, wafuasi wake, na mifereji yake ya fedha. Mboya alikuwa na Nairobi na vyama vya wafanyakazi. Odinga alikuwa na Nyanza ya Kati, pamoja na jina alilojipatia kwa kampuni ya biashara ya Waluo aliyoianzisha katika miaka ya arubaini. Wengine walikuwa na wilaya zao vivyo hivyo.

Hali ya hatari ilipoondolewa mwaka 1960, na mkutano wa kwanza wa Lancaster House ukaonyesha kwamba utawala wa wengi ulikuwa njiani, ngome hizo ziliitwa zikusanyike haraka. Mikutano iliyofanyika Kiambu mnamo Machi na Mei 1960 ndiyo iliyoizaa KANU. Wajumbe walimtaka Kenyatta awe rais wa chama, lakini alikuwa bado kifungoni, na serikali haikukubali kuandikisha chama chenye jina lake kileleni. Nafasi hiyo akapewa James Gichuru, ambaye tayari mwaka 1947 alikuwa amekwisha kumpisha Kenyatta katika uongozi wa KAU. Odinga akawa makamu wa rais, na Mboya akawa katibu mkuu. Ronald Ngala na Daniel arap Moi walichaguliwa kushika vyeo vya hazina wakiwa hawapo. Wakavikataa, na mnamo Juni mwaka huo wakashirikiana na Masinde Muliro na wengineo kuunda KADU, chama cha jamii zilizohofia kumezwa na makabila makubwa.

Ni dhahiri, kwa hiyo, kwamba KANU ilizaliwa ikiwa shirikisho la wenye ngome kuliko kuwa chama chenye mwili mmoja. Matawi ya wilaya hayakuundwa na makao makuu. Kinyume chake, matawi ndiyo yaliyoyaunda makao makuu, nayo yakabaki na uhuru wa kuyapuuza. Ada za uanachama hazikufika Nairobi kwa taratibu. Mwenye fedha zake mwenyewe, ziwe zimetoka kwa marafiki wa Marekani au kwa marafiki wa China, ndiye aliyekuwa na sauti. Chama cha namna hiyo kingeweza kushinda uchaguzi, na mnamo 1961 kilishinda viti 19 dhidi ya 11 vya KADU. Ila hakikuwa na njia ya kuamua nini kifanywe baada ya ushindi.

Lililokiunganisha chama katika miaka hiyo lilikuwa jina la Kenyatta. Odinga ndiye aliyekuwa wa kwanza kulitaja jina hilo kwa heshima katika Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1958, wakati ambapo wenzake wengi waliona kwamba kulitaja ni kujitafutia hatari. Baada ya uchaguzi wa 1961 KANU ilikataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe. Kenyatta aliachiliwa mnamo Agosti 1961, na Oktoba akachukua urais wa chama. Lakini jina linalowaunganisha watu kwa sababu kila mmoja analitia maana yake mwenyewe haliwezi kuendelea kufanya kazi hiyo mwenye jina akishaanza kusema. Wakulima waliopoteza mashamba walimwona Kenyatta kama mtu atakayeyarudisha. Wenye biashara walimwona kama ngao yao. Kwa miaka miwili mitatu matumaini hayo yalikaa pamoja bila kugongana.

Kambi Mbili

Hapana budi kutahadhari katika kuzieleza kambi mbili za KANU, maana hazikuwa na kadi wala orodha. Upande mmoja walisimama Odinga, Kaggia, Achieng Oneko na Pio Gama Pinto. Kaggia na Oneko walikuwa wamehukumiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Pinto, Mkenya wa asili ya Goa, alikuwa amewekwa kizuizini tangu 1954 hadi 1959, na baada ya kutoka akawa mpangaji hodari wa chama na wa magazeti yake, likiwamo la Kiswahili la Sauti ya Mwafrika. Upande wa pili walisimama Mboya, Gichuru, Charles Njonjo na wengine waliokuwa karibu na Kenyatta. Hawa nao hawakuwa kitu kimoja. Mboya alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi na wa mipango, na katika Mkoa wa Kati walikuwako wakubwa waliomchukia Mboya karibu sawa na walivyomchukia Odinga. Ila kwa wakati huo walimhitaji.

Kambi hizo zilikuwa na rafiki zao wa nje, na rafiki hao walitoa fedha, nafasi za masomo na ushauri. Mboya alihusiana kwa karibu na vyama vya wafanyakazi vya Magharibi, na safari za wanafunzi kwenda Marekani zilizoanza 1959 zilimpa heshima kubwa. Odinga alizuru China mwaka 1960, na baadaye vijana wengi walipelekwa kusoma katika nchi za kisoshalisti kwa njia yake. Lakini kusema kwamba fedha za nje ndizo zilizozaa tofauti hizo ni kugeuza mambo. Fedha zilifuata tofauti zilizokuwapo, zikazipa nguvu na kuzifanya ziwe ngumu kusuluhishwa.

Mgawanyo wa vyeo ulionyesha mapema upepo ulivyokuwa ukivuma. Katika serikali ya mseto ya 1962, Mboya na Gichuru walipata uwaziri, Odinga akaachwa nje. Mnamo 1963 alipewa Wizara ya Mambo ya Ndani, wizara yenye nguvu. Jamhuri ilipotangazwa tarehe 12 Desemba 1964, alipandishwa kuwa Makamu wa Rais wa nchi, na Mambo ya Ndani akapewa Moi. Kwa jina, Odinga alikuwa amepanda. Kwa kazi, alikuwa amenyang'anywa.

Uteuzi huo wa Moi wafaa kutazamwa kwa makini. KADU ilikuwa imejivunja mnamo Novemba 1964, na wabunge wake wakajiunga na KANU. Hatua hiyo ilishangiliwa kama ushindi wa umoja. Lakini katika mizani ya ndani ya chama, ilileta kundi zima la watu ambao siasa yao yote ilikuwa imejengwa juu ya hofu kwamba wasio na ardhi wangemiminika katika Bonde la Ufa. Hawakuwa na sababu hata moja ya kuunga mkono ugawaji wa ardhi bila malipo. Tangu siku hiyo kambi ya Odinga ilikuwa ya wachache, ingawa ilichukua muda kulitambua hilo.

Ardhi

Itikadi ya KANU haikuanza katika vitabu. Ilianza katika swali moja lililoulizwa katika kila mkutano: mashamba ya walowezi yatakuwa ya nani, na kwa bei gani? Mpango wa kununua ekari milioni moja, uliobuniwa katika miaka ya mwisho ya ukoloni kwa mikopo ya Uingereza na ya Benki ya Dunia, ulijibu kwamba mlowezi alipwe bei ya soko, na Mwafrika apewe shamba pamoja na deni. Familia zipatazo 35,000 zilitarajiwa kupata makao kwa njia hiyo. Mashamba mengine makubwa yangeuzwa mazima kwa yeyote mwenye uwezo wa kununua.

Kaggia, aliyekuwa Waziri Msaidizi wa Elimu, hakukubaliana na jibu hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba haiwezekani mtu aliyenyang'anywa mali yake aambiwe ainunue kutoka kwa aliyemnyang'anya. Aidha, aliwatetea waliopoteza vipande vya ardhi wakati wa ujumlishaji wa mashamba uliofanywa katika Mkoa wa Kati wakati wao wakiwa vizuizini au msituni. Kwa msimamo huo aliondoka serikalini mwaka 1964. Mwaka uliofuata Kenyatta alimkabili hadharani, mbele ya umati, katika eneo lake mwenyewe la Kandara; akamlinganisha na wenzao wa kifungoni waliokuwa wamekwisha kujipatia mashamba na biashara, akamwuliza yeye amejifanyia nini.

Swali hilo lina uzito kuliko makala mengi ya nadharia. Ndani yake mna falsafa kamili: kwamba uhuru ni nafasi ya kila mtu kujiendeleza kwa juhudi yake, na kwamba kiongozi asiyejiendeleza hana la kuwafundisha wengine. Kaggia naye alikuwa na falsafa yake: kwamba kiongozi anayejitajirisha ilhali waliopigana hawana pa kulima amewasaliti. Huo ndio uliokuwa mgawanyiko wa kweli, na kila msikilizaji wa Kandara aliuelewa bila kuhitaji mkalimani.

Mwaka wa 1965

Mwaka 1965 ndio ambao mgogoro ulitoka chumbani. Tarehe 24 Februari Pinto alipigwa risasi nyumbani kwake Nairobi. Kambi ya Odinga ilimpoteza mpangaji wake mkuu, yule aliyejua kuhesabu kura za wabunge kabla hazijapigwa. Hakutokea mwingine wa kushika nafasi yake. Mnamo Aprili, serikali ilirudisha shehena ya silaha iliyoletwa Mombasa kwa meli ya Kisovieti.

Wakati huohuo serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, uliohusu ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Mboya, akiwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi, ndiye aliyeusimamia. Waraka huo ulikataa kwa pamoja Umarksi na ubepari usio na kizuizi. Ulisifu mila ya Kiafrika ya watu kuwajibika wao kwa wao. Lakini katika mambo yenye uzito wa kiserikali ulisema wazi: mali ya mtu itaheshimiwa, kutaifisha kutafanywa pale tu palipo na haja, tena kwa fidia, na fedha za maendeleo zitapelekwa kwanza mahali zitakapoleta mazao mengi zaidi. Kwa maneno mengine, maeneo yaliyokwisha kunufaika chini ya ukoloni ndiyo yangetangulia tena. Bunge liliupitisha, na hata baadhi ya wafuasi wa Odinga waliuunga mkono, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana akipinga jambo lililoitwa la Kiafrika na la kijamaa.

Upande wa pili ulikuwa na chombo chake. Chuo cha Lumumba kilifunguliwa Nairobi mnamo Desemba 1964, kwa msaada wa Kisovieti, ili kuwafunza makada wa chama. Lilikuwa jaribio la pekee la kuipa KANU kile ilichokosa, yaani wafanyakazi waliofunzwa fikra moja na wasiomtegemea mkubwa wa wilaya. Kwa sababu hiyohiyo chuo hakikuweza kuachwa. Julai 1965 kundi la wanafunzi wake lilijaribu kuyatwaa makao makuu ya chama na kutangaza viongozi wapya. Walikamatwa, na chuo kikafungwa. Jaribio lenyewe lilikuwa la kitoto, ila lilionyesha jambo moja: vijana hao waliamini kwamba makao makuu ya KANU yalikuwa na nguvu ya kutwaliwa. Hayakuwa nayo. Nguvu ilikuwa imekwisha kuhamia kwa wakuu wa mikoa na wilaya, walioripoti kwa ofisi ya Rais, na ambao ndio waliotoa au kunyima ruhusa ya mikutano ya hadhara.

Limuru, Machi 1966

Mkutano wa wajumbe wa taifa uliitishwa Limuru mnamo Machi 1966. Mboya, akiwa katibu mkuu, ndiye aliyeuandaa, na alikuwa hodari wa kazi hiyo. Katiba mpya ya chama iliyopendekezwa ilifuta cheo cha makamu wa rais wa chama, cheo cha Odinga, na badala yake ikaweka makamu wanane, mmoja kwa kila mkoa pamoja na Nairobi. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya usawa: kwamba kila mkoa uwakilishwe kileleni. Haikusemwa kwamba cheo kikigawanywa mara nane hakuna anayebaki nacho.

Ngala alichaguliwa kwa Pwani, Moi kwa Bonde la Ufa. Kwa Mkoa wa Kati matokeo ya kwanza yalimpa Kaggia ushindi. Kura zikarudiwa, na safari hiyo Gichuru akashinda. Tukio hilo dogo linafaa kukumbukwa na kila mchunguzi wa demokrasia ya vyama. Linaonyesha kwamba hata baada ya matayarisho yote bado walikuwako wajumbe waliomtaka Kaggia. Na linaonyesha vilevile jinsi utaratibu ulivyokuwa mtumishi wa matokeo yaliyokwisha kuamuliwa.

Katika mwezi huohuo baadhi ya wanadiplomasia wa nchi za kikomunisti walifukuzwa nchini, ili umma uelewe kwamba lililofanywa Limuru lilikuwa la usalama wa taifa. Odinga alijiuzulu umakamu wa Rais mwezi wa Aprili, akaingia katika chama cha KPU na kuwa kiongozi wake, Kaggia akiwa naibu wake. Wabunge na maseneta wapatao thelathini walimfuata, ingawa baadhi yao walijaribu kurudi walipoona bei ya safari hiyo.

Kutoka Chama hadi Dola

Bei hiyo ilitajwa kwa haraka. Kabla ya mwezi wa Aprili kwisha, Bunge lilibadilisha katiba ili mbunge anayekihama chama kilichomdhamini arudi kwa wapiga kura. Kanuni yenyewe si mbaya, na ina watetezi wengi hadi leo. Lakini wabunge wa KADU walipohamia KANU mwaka 1964 hakuna aliyedaiwa kuomba kura upya. Sheria iliyozaliwa siku ambayo adui anaihitaji isiwepo haiwezi kudai kwamba imezaliwa na kanuni.

Uchaguzi mdogo uliofuata, Juni 1966, ulihusu viti 29 katika Baraza la Wawakilishi na Seneti. KPU ilipata tisa, saba katika Baraza na viwili katika Seneti, ingawa kwa jumla ya kura haikuachwa nyuma. Ngome yake ikawa Nyanza ya Kati. Kaggia alishindwa Kandara. Oneko alishindwa Nakuru Mjini. Matokeo hayo yalikuwa na maana kubwa kuliko hesabu ya viti. Chama kilichoanza kwa hoja ya wasio na ardhi wa nchi nzima kilibaki na sura ya chama cha kabila moja. Wapinzani wake walisema kwamba ndivyo kilivyokuwa tangu mwanzo. Lakini mkulima wa Kandara aliyemkataa Kaggia hakuwa ameyakataa mahitaji yake ya ardhi. Alikuwa ameona kwamba serikali, chifu, mkopo na barabara vilikuwa upande mmoja, na akapiga hesabu. Ukabila wa KPU, kwa kiasi kikubwa, ulikuwa matunda ya kushindwa kwake kuliko kuwa sababu.

Tangu hapo mgogoro haukuwa tena wa chama. Mwaka huohuo wa 1966 sheria iliirudishia serikali uwezo wa kuwaweka watu kizuizini bila kuwashtaki. Katika uchaguzi wa mabaraza ya wilaya na miji mnamo 1968, karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa kote nchini kwa madai ya kasoro za ujazaji, na wale wa KANU wakapita bila kupingwa. Mwaka 1969 Kaggia alirudi KANU.

Ndani ya KANU yenyewe, kuondoka kwa Odinga hakukuleta amani. Maadamu adui wa pamoja alikuwa ametoka, waliomhitaji Mboya hawakumhitaji tena. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya aliuawa kwa risasi katika barabara ya Government Road, Nairobi, ambayo sasa ni Moi Avenue. Mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa kwa kosa hilo. Kifo hicho kiliwaunganisha Waluo waliokuwa wamegawanyika kati ya watu wawili kwa muda wa miaka kumi. Tarehe 25 Oktoba Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali ya mkoa, iliyojengwa kwa msaada wa Kisovieti uliopatikana kwa juhudi za Odinga. Umati ulimzomea, walinzi wakafyatua risasi, na watu wakafa. Hesabu ya serikali ilikuwa 11, na wengine wamedai zaidi. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Odinga na wenzake wakawekwa kizuizini. Yeye aliachiliwa mwaka 1971.

Lugha ya Mgogoro

Linabaki suala la lugha. Katiba ya uhuru ilimtaka kila mgombea ubunge awe na uwezo wa kusema na kusoma Kiingereza, na mazungumzo yote ya Bunge yaliendeshwa kwa lugha hiyo hadi Julai 1974, Kenyatta alipoamuru Kiswahili kitumike. Waraka Nambari 10 uliandikwa na kujadiliwa kwa Kiingereza. Katika mikutano ya hadhara, kwa upande wa pili, viongozi walisema Kiswahili au lugha za nyumbani. Kwa hiyo chama kilikuwa na lugha moja ya kuamua na nyingine ya kushangilia.

Maneno ya Kiswahili yaliyobeba siasa za kipindi hicho yalikuwa machache na mapana. Neno uhuru linatokana na huru, yaani mtu asiye mtumwa. Linaeleza hali ya kutotawaliwa na bwana. Haliambii lolote juu ya shamba la bwana aliyeondoka. Ndiyo sababu Kenyatta na Kaggia waliweza kulitumia neno hilohilo bila kusema jambo moja. Harambee, mwito wa watu wainuao mzigo kwa pamoja, uliotolewa na Kenyatta kama wito wa taifa mnamo 1963, ulisisitiza kuinua; haukutaja mzigo ni wa nani. Na ujamaa ulipata maana mbili katika nchi mbili jirani. Huko Tanganyika, Nyerere alilifafanua neno hilo mnamo 1962, na Azimio la Arusha la 1967 likalifunga kwa masharti: kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Nchini Kenya ujamaa wa Kiafrika uliwekwa katika waraka ambao haukumdai kiongozi chochote.

Si kusema kwamba Kiswahili kingaliwaokoa. Tanzania nayo ilikuwa na mafarakano yake, na lugha ya pamoja haikuyazuia. Hata hivyo ipo tofauti kati ya chama ambacho mwanachama wa tawi anaweza kuisoma imani yake na kumwuliza kiongozi mbona ameikiuka, na chama ambacho mwanachama hupewa neno la kuitikia tu. Wakati Odinga alipochapisha kitabu chake mnamo 1967, kichwa chake, Not Yet Uhuru, kilikuwa nusu Kiingereza na nusu Kiswahili. Ushahidi wake wote juu ya kile ambacho uhuru ungalikuwa uliandikwa katika lugha ambayo wengi wa wapiga kura wake hawakuisoma.

Hitimisho

Baada ya 1969 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa hali halisi, na tangu 1982 hadi 1991 ikawa hivyo kwa sheria. Mtu angalitazamia kwamba chama kilichobaki peke yake kingepata uhai. Kilichotokea ni kinyume. Baada ya Limuru, KANU haikufanya tena uchaguzi wa viongozi wake wa taifa mpaka Oktoba 1978, baada ya kifo cha Kenyatta. Muda wa miaka kumi na miwili. Mnamo 1975, Martin Shikuku aliposema Bungeni kwamba KANU imekufa, na Naibu wa Spika Jean-Marie Seroney akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho, wote wawili waliwekwa kizuizini. Walikuwa wamesema lililokuwa likijulikana.

Swali la kama mgogoro wa KANU ulikuwa wa itikadi au wa madaraka limeulizwa vibaya. Ulikuwa wa itikadi pale Kandara, ambapo watu waliulizana ardhi ni ya nani. Uligeuka kuwa wa madaraka pale Limuru, ambapo swali hilo halikuwa katika orodha ya mazungumzo. Na ulikuwa wa dola pale Kisumu. Kambi iliyoshinda haikushinda kwa kuwashawishi wanachama kwamba hoja ya Kaggia ilikuwa na kasoro. Ilishinda kwa kuhakikisha kwamba hapakuwa na kikao ambacho hoja hiyo ingeweza kupigiwa kura. Kwa sababu hiyo hoja haikufa pamoja na KPU. Imezuka tena katika kila kizazi, katika tume za ardhi, katika kampeni, na katika mapigano ya Bonde la Ufa, mara nyingi ikiwa imevaa vazi la ukabila ambalo historia hii yenyewe ndiyo iliyolishona.